Kwa Jamaa wa Muheto, Kuhusu Kiti cha Mtoto

Bibi, baba mdogo, shangazi na jamaa wote wa Muheto,

Tangu niwatumie kutoka hapa Louisville, Kentucky, ile picha ya mjukuu wenu amefungwa kwenye kiti chake ndani ya gari, maneno yamekuwa mengi. Baba mdogo anauliza mtoto amekosa nini hata afungwe. Shangazi anasema ni uoga wa kizungu. Nawajibu wote kwa pamoja, kwa sababu kaka wa Goma amepata gari na anataka kupanda nalo huko na watoto.

Mkanda wa gari umepimwa kwa mwili wa mtu mzima. Huu unaopita kiunoni na kifuani ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na kampuni hiyo ikawaruhusu wengine wautumie bure. Nguvu yake ni kushika mfupa: nyonga chini, bega juu. Mtoto wa miaka 5 ni mfupi, kwa hiyo ule wa chini unampanda tumboni na ule wa juu unamkwaruza shingo. Gari likigonga, kinachobanwa ni matumbo. Tena akichoka kukwaruzwa, anaupitisha nyuma ya mgongo, na hapo ni kama hajafunga kitu. Kile kiti mlichokiona kinamwinua tu, mkanda ukae mahali pake.

Shangazi, ulitubeba wote kwa kitenge. Wa miezi mitatu hukumfunga kama wa miaka miwili. Ulipandisha, ukashusha, ukakaza mpaka kikamshika vizuri makalioni. Basi kazi ya kiti ni hiyo hiyo.

Sheria ya Kentucky inamtaka mtoto wa chini ya miaka 8, mwenye urefu wa kati ya inchi 40 na 57, yaani kama sentimita 102 hadi 145, akae kwenye kiti hicho. Mimi umri siuangalii sana. Namwegemeza mgongo mpaka mwisho wa siti, naangalia kama magoti yanakunjika ukingoni na mkanda unapita katikati ya bega. Ikiwa bado, anabaki kwenye kiti chake, hata akinuna.

Na kumpakata? Bibi, mikono yako naijua, imelima Masisi miaka yote. Lakini gari la kilomita 50 kwa saa likisimama kwa kugonga, mtoto wa kilo 20 anarushwa mbele kwa uzito wa mamia ya kilo. Hakuna mikono ya kushika hiyo. Kumfunga pamoja nawe katika mkanda mmoja ni vibaya zaidi, maana wewe ndiye utakayemponda.

Najua mtasema tulipanda Fuso juu ya magunia ya viazi na tukafika. Ni kweli, sisi tulifika. Na mtoto anayebanwa kwenye pikipiki kati ya motari na mama yake, kiti hiki hakimsaidii. Hapo sina dawa ya kuwatumia. Ila kaka ana gari, na kati ya Sake na Goma kuna lami ambapo madereva wanakimbiza magari kama wamefunguliwa.

Kaka, magari mengi ya mitumba mikanda ya nyuma imezama chini ya vitambaa vya siti. Vua vitambaa, chimbua vifungio, uvute kila mkanda uone kama unarudi. Kiti hiki kinataka mkanda wenye sehemu ya bega. Ule wa kiunoni peke yake haufai. Watoto wote wakae nyuma. Na usinunue kiti kilichokwisha kupata ajali, hata kama kwa nje kinang'aa.

Nipimie watoto urefu na uzito, kila mmoja, uniandikie. Unipigie pia picha ya siti ya nyuma, nione kama ina mahali pa kuegemeza kichwa. Kama haina, nitatafuta kiti chenye mgongo mrefu.