Kipimo cha Sukari Kisiwe Biashara ya Hofu

Limezuka miongoni mwetu fundisho la ajabu, nalo linahubiriwa kwa sauti kubwa zaidi na wale wanaofaidika nalo. Fundisho lenyewe ni kwamba kila mwenye kisukari, awe wa aina yoyote na awe anatumia dawa yoyote, hana budi kununua mashine ya kupimia sukari, ajitoboe kidole asubuhi, mchana na jioni. Na asipofanya hivyo amejitakia mwenyewe upofu na kukatwa mguu. Mtumishi aliyeambiwa leo kwamba ana kisukari cha aina ya pili hukutana na fundisho hilo kwenye duka la dawa kabla hata hajafika nyumbani kwake Msamala. Tunasema wazi kwamba ni fundisho potofu, na kwamba wako wanaoneemeka na upotofu wake.

Tuanze na hesabu. Mashine huuzwa kwa bei ya kuvutia, na pengine hutolewa bure. Lakini mashine haipimi kitu bila vile vipande vyembamba vya kuwekea tone la damu, ambavyo madukani huitwa stripu. Kila kampuni imetengeneza stripu zake, ambazo kwa kawaida hazifanyi kazi katika mashine ya kampuni nyingine, na kila stripu ikishatumika mara moja hutupwa. Kikopo cha kawaida kina stripu 50. Mwalimu anayepima mara 2 kwa siku hukimaliza kwa siku 25, yaani kabla mshahara mwingine haujaingia. Kila msomaji na aulize bei ya kikopo hicho katika duka la mtaani kwake, aizidishe kwa mwaka mzima, kisha ailinganishe na ada za watoto. Mashine ni chambo, ndoana ni stripu.

Je, fedha hizo zinanunua afya? Kwa mgonjwa wa aina ya pili asiyetumia insulini, swali hilo limekwisha kuchunguzwa na wataalamu zaidi ya mara moja. Mwaka 2012 mapitio ya shirika la Cochrane yalikusanya majaribio 12 yenye wagonjwa zaidi ya 3,000. Yalionyesha kwamba wale waliojipima nyumbani walipata nafuu ndogo katika miezi 6 ya kwanza, na ilipofika miezi 12 nafuu hiyo ilikuwa imefifia kiasi cha kutotambulika. Mwaka 2017 yakatolewa matokeo ya jaribio lililofanywa North Carolina, Marekani, kwa wagonjwa 450: baada ya mwaka mmoja, aliyejipima kila siku na asiyejipima kabisa walikuwa sawa. Ndiyo maana mwongozo wa Uingereza, nchi yenye uwezo wa kununua stripu nyingi kuliko sisi, hauwaelekezi madaktari kumpa kila mgonjwa wa aina ya pili mashine. Hupewa anayetumia insulini, anayetumia vidonge vinavyoweza kushusha sukari kupita kiasi, mja mzito, na wengine wachache wenye sababu maalumu.

Hapa ndipo wanapoinuka watu wa kundi la pili, ambao ni hatari kuliko wenye maduka. Hawa husoma utafiti huo wakafurahi: ikiwa kupima nyumbani hakusaidii, basi Halmashauri isisumbuliwe, bajeti ya vipimo na ipunguzwe! Watu hawa wanaficha nusu ya habari. Mgonjwa wa Uingereza asiyejipima nyumbani hajaachwa gizani. Huitwa kliniki, akapimwa kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa muda wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, na dawa yake ikarekebishwa kwa kufuata matokeo. Kipimo hicho hakipatikani katika kila zahanati ya Tanzania. Kumwambia mkulima wa kijiji cha mbali asijipime nyumbani, huku zahanati yake nayo haimpimi, ni kumwambia aishi kwa kubahatisha. Na aliyeishi kwa kubahatisha hugundua ukweli siku kidonda cha mguu kinapokataa kupona.

Kwa hiyo utafiti ule haukusema kipimo hakina maana. Ulisema kwamba namba isiyofuatwa na uamuzi haimtibu mtu.

Na wako wananchi ambao kwao namba hiyo ni ya kufa na kupona. Fikirini mwalimu anayetumia insulini, au vidonge kama glibenklamaidi ambavyo huilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama mtu hajala. Ametoka nyumbani alfajiri bila kifungua kinywa, ameshika chaki kipindi cha tatu, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, maneno yanagongana. Wanafunzi wanacheka, mkuu wa shule anaandika barua ya onyo kwa kosa la ulevi. Tone moja la damu lingesema yote: sukari chini ya 3.9, apewe upesi vijiko 3 vya chai vya sukari katika maji, apimwe tena baada ya dakika 15. Huyu ndiye mwenye haki ya kwanza ya stripu. Anayetumia metfomini peke yake, ambayo ni nadra sana kushusha sukari kiasi hicho, anaweza kungoja siku ya kliniki bila hofu. Lakini soko halina macho ya kuona tofauti hiyo; linamwona mwenye fedha tu.

Jambo hili la ulevi si mzaha. Mashine hizo zilipotokea Marekani kuelekea mwaka 1970 zilitangazwa kwa hospitali ili usiku, maabara zikiwa zimefungwa, daktari aweze kumtofautisha mlevi na mgonjwa wa kisukari aliyepoteza fahamu. Mhandisi mmoja, Richard Bernstein, mwenye kisukari cha aina ya kwanza tangu utotoni, aliliona tangazo hilo mwaka 1969, akataka kuinunua. Akakataliwa, kwa kuwa kampuni iliuzia madaktari na hospitali tu. Ilimbidi anunue kwa jina la mkewe aliyekuwa daktari. Zama zile mgonjwa alinyimwa maarifa juu ya mwili wake kwa kuwa hakuwa na shahada. Leo ananyimwa kwa kuwa hana fedha, na mwenye fedha anauziwa namba bila maarifa. Sioni maendeleo makubwa hapo.

Kwani maarifa yenyewe si magumu. Mikono ioshwe kwanza, maana kidole kilichotoka kumenya embe kitaleta namba ya uongo. Kikopo kifungwe vizuri, kikae mbali na joto na unyevu. Badala ya kupima ovyo kila siku, mgonjwa wa vidonge anaweza kupima kwa siku chache tu kabla ya kliniki: kabla ya mlo, kisha saa 2 baada ya kuanza kula, na kuandika alichokula. Hapo ataona kwa macho yake jinsi mlima wa ugali wa sembe unavyoipandisha sukari, na jinsi ugali mdogo wenye maharage na mboga nyingi unavyoipandisha kidogo. Katika mkoa wa mahindi kama Ruvuma, hilo ni somo lenye thamani kuliko vikopo 10 vya stripu vilivyotumika bila mwalimu.

Na tusidanganyane kwamba haya ni ya matajiri wa Dar es Salaam. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989, uliofanywa katika vijiji 6 vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara, ulikuta wenye kisukari hawafiki mtu 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta karibu watu 9 katika kila 100. Tafiti hizo hazikupima watu wa umri ule ule, lakini pengo hilo halielezwi na umri peke yake.

Nchi hii iliwahi kufundisha afya bila kungoja wenye maduka. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wananchi wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Miongoni mwa viongozi wa vikundi vile walikuwamo walimu. Hakuna aliyeuziwa choo kwa kutishwa.

Watumishi wa umma wanachangia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri asilimia 3. Wana haki ya kuuliza, kwa maandishi na kupitia vyama vyao, ni mgonjwa yupi anapewa stripu za nyumbani na kwa kigezo gani. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inalifanya swali hilo kuwa la mkulima pia. Manispaa ya Songea nayo hutayarisha bajeti kila mwaka kabla ya Julai. Madiwani watuambie katika kikao cha wazi: stripu ngapi zimetengwa kwa kila zahanati, nani anazihesabu, na mgonjwa wa insulini wa Msamala aende wapi siku zinapokwisha.