TAHARIRI YA TAWI: RELI ILIKUFA, NJIA IKABAKI



Tangu Kamati ya Tawi itangaze kwamba kikao cha Jumamosi tutakifanya kwa kutembea badala ya kukaa ukumbini, tumepokea maoni mengi. Wapo waliofurahi. Wapo waliouliza kama Chama kimegeuka klabu ya mazoezi. Na yupo aliyeandika kwamba hakuvuka bahari aje Virginia kutembea kwa miguu wakati gari analo. Tunawajibu wote hapa.

Njia tutakayopita inaitwa W&OD. Inaanzia Shirlington, Arlington, na kuishia Purcellville: maili 45, yaani kilomita 72 hivi, lami mwanzo hadi mwisho. Ni ya waenda kwa miguu na baiskeli, na sehemu kubwa ina njia ya changarawe pembeni kwa wapanda farasi. Inapita katika miji tunayoishi na kufanyia kazi: Falls Church, Vienna, Reston, Herndon, Ashburn, Leesburg. Ukitoka kwenye maduka, muda si mrefu uko kwenye miti na vijito. Hakuna kiingilio. Wengi wetu tunaikatisha kila siku kwa gari tukiwahi shifti, bila kujua ilikotoka.

Ilikuwa reli. Treni zake zilianza kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, na zikasimama mwaka 1968. Ukabaki ukanda wa ardhi wenye upana wa kama mita 30, huku miji ikikua kwa kasi pande zote mbili. Ungeweza kukatwa viwanja ukaisha. Kampuni ya umeme ikauchukua kwa ajili ya nguzo zake, kisha mamlaka ya hifadhi ya Kaskazini mwa Virginia ikakubaliana nayo na hatimaye ikaununua. Kipande cha kwanza kilifunguliwa Falls Church mwaka 1974. Purcellville ilifikiwa mwaka 1988. Mpaka leo waya za umeme zinapita juu na watu wanapita chini. Kwa lugha ya uhasibu, mali iliyokuwa ifutwe vitabuni imerudi kuwa mali ya umma.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Wengi wetu tunajenga nyumbani. Tunatuma fedha, tunatumiwa picha ya msingi kwenye simu, tunashangilia. Ni wangapi tumeuliza kama kiwanja hicho si eneo la wazi, au hifadhi ya barabara au ya reli? Siku alama ya X nyekundu inapochorwa ukutani, tunailaumu Serikali peke yake. Lakini eneo la wazi haliliwi na muuzaji peke yake. Lazima awepo mnunuzi. Na mnunuzi aliye mbali, mwenye dola na haraka, ndiye hulipa bila kuuliza.

Msimamo wa Tawi ni huu:

1. Njia salama ya miguu si anasa ya nchi tajiri. Mtoto anayekwenda shule kando ya barabara kuu kule nyumbani anaihitaji kuliko sisi wenye magari.

2. Kamati itaandika pendekezo kwa ngazi ya juu ya Chama kuhusu kulinda maeneo ya wazi na hifadhi za njia katika miji yetu. Hoja zenu tutazikusanya Jumamosi, tukitembea.

3. Mwanachama asinunue kiwanja kabla ndugu yake hajakwenda halmashauri kuangalia ramani ya mipango miji.

Kuhusu afya, hatutasema mengi. Tunakesha kazini, tunashinda kwenye usukani, na sukari na presha zinatuandama. Tunakutana zaidi misibani kuliko mahali pengine. Njia hii haina kilima cha kutisha, kwa sababu treni haipandi mwinuko mkali. Aliyejenga reli alishasawazisha. Wazee na wenye magoti mabovu, karibuni. Tutakwenda kwa mwendo wenu.

UTARATIBU: Tukutane Jumamosi saa 2:00 asubuhi, kituo cha treni cha Wiehle-Reston East. Tutatembea hadi stesheni ya zamani ya Herndon, karibu maili 3. Kila mtu aje na maji yake. Hapa tunashika kulia, si kushoto kama nyumbani. Baiskeli zitakupita upande wa kushoto, kwa hiyo ukisikia kengele usiruke, endelea na mstari wako. Watoto washikwe mikono.

Fedha ambazo tungelipia ukumbi zitabaki kwenye mfuko wa misiba, na zitaonekana katika taarifa ya mapato na matumizi ya mwezi huu.

Imetolewa na:
Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi