Mvuvi Alikuwa na Kalenda Yake

Kuna neno moja linalorudi kila mara watu wenye masomo wanapokutana kuzungumza juu ya Ziwa Tanganyika: eti wavuvi wetu hawana akili ya kesho, wanavua mpaka watoto wa samaki, basi leta ifunge ziwa na mambo yataisha. Neno hilo limesemwa katika semina, limesemwa kanisani, na wakati mwingine linasemwa hata na sisi tunaojiita watetezi wa utamaduni. Nusu yake ni kweli. Lakini ile nusu ya kweli inatumiwa kuficha makosa ya wengine, na ile nusu ya uongo ni matusi kwa wazee wetu.

Tuanze na matusi. Anayesema kwamba mvuvi wa Uvira, wa Baraka, wa Kalemie au wa Moba hakujua kupumzisha ziwa, huyo hajakaa mwaloni hata mwezi mmoja. Angekaa mwezi mzima angeona. Ndagala anavuliwa usiku kwa taa, na taa inashinda giza tu, haishindi mwezi. Mwezi ukikaribia kujaa, samaki anatawanyika ndani ya maji yenye mwangaza, taa haimwiti tena, na wavuvi wanapandisha vyombo ufukweni. Hapo ndipo nyavu zinashonwa, mbao zinazibwa, madeni yanahesabiwa, wake na waume wanaonana mchana, harusi na matanga vinapata watu. Ni karibu juma moja kila mwezi. Fanyeni hesabu: kwa mwaka ni karibu miezi 3! Hakuna waziri aliyetia sahihi, hakuna askari aliyesimama na bunduki, na kila mtu alitii.

Mtu atanijibu kwamba hiyo si hekima, ni lazima tu, kwa sababu samaki hapatikani. Sawa. Lakini desturi nyingi za watu duniani zilizaliwa namna hiyo: lazima ikaja kwanza, watu wakaizoea, wakaipangia kazi, wakaitilia heshima. Na mvuvi hakuwa na mwezi peke yake. Mwingereza Cameron, aliyezunguka sehemu ya ziwa hili mwaka 1874, aliandika namna wapiga kasia walivyotoa ushanga kwa pepo wa rasi ya Kabogo kabla ya kupita. Wamisionari walicheka mambo kama hayo. Sisi watoto wao wa shule tulicheka pia. Hatukuuliza jambo rahisi: mtu anayeomba ruhusa kabla ya kupita mahali fulani, je, anaona ziwa ni mali isiyo na mwenyewe?

Chombo cha zamani kilikuwa lusenga, ule wavu wa mkono wenye mpini mrefu, pamoja na moto wa kuni ndani ya mtumbwi. Mtu alichota alichoweza kuchota kwa mikono yake. Katika miaka ya 1950 Wagiriki wakaja na meli za nyavu za kuzunguka, na wakati huohuo zikaingia katamara, mitumbwi iliyofungwa pamoja ikibeba wavu mkubwa katikati, na karabai zikachukua nafasi ya kuni. Baadaye zikaja apolo, kubwa zaidi. Leo taa ni za betri na za jua. Sasa nauliza: katika mabadiliko hayo yote, ni lipi lililoletwa na ujinga wa mvuvi? Yaliletwa yakiitwa maendeleo. Wataalamu waliyasifu, maofisi yaliyatoza kodi. Leo wanamshika mvuvi shati na kumwambia: wewe ndiwe mharibifu.

Nusu ya kweli siikatai. Kuna watu wanaoshona chandarua za mbu, zile walizopewa kukinga watoto na malaria, wakazikokota kwenye maji mafupi ambamo samaki wadogo wanakulia. Kuna nyavu za kukokota ufukweni zinazolima mchanga mpaka mayai ya kuhe yanakwenda. Kuna watu wanaopiga maji ili kumtisha samaki aingie wavuni. Hayo ni mabaya, na mzee yeyote wa uvuvi atakuambia ni mabaya kabla ya afisa wa mazingira kufungua kinywa. Lakini muone ni nani wanaofanya hivyo zaidi: ni wale wasio na katamara, wasio na taa, wasio na mtaji, vijana waliokimbia vita vya milimani na kukuta ufuko tu ndio hauna mlango. Sheria inayofunga ziwa lote inamkamata mwenye katamara aliye mbali kwenye kilindi. Yule wa chandarua, anayevua nyuma ya nyumba saa kumi ya usiku, haimuoni.

Tuje kwenye karatasi zenyewe. Tarehe 12 Juni 2003, kule Dar es Salaam, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mkataba wa kusimamia Ziwa Tanganyika pamoja. Kutoka mkataba huo ikazaliwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao Bujumbura. Ni jambo jema, nasema bila unafiki. Ziwa lenye urefu wa kilomita karibu 670 na kina cha mita 1,470 haliwezi kutunzwa na inchi moja, na ndagala haonyeshi pasipoti anapovuka kutoka maji ya Kalemie kwenda maji ya Kigoma. Karibu asilimia 45 ya ziwa iko kwetu, asilimia 41 iko Tanzania, na inayobaki wanagawana Burundi na Zambia. Kwa hiyo inchi hizo zilipokubaliana kusimamisha uvuvi miezi 3 kila mwaka, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, na Tanzania ikafunga upande wake mara ya kwanza mwaka 2024, wazo la kupumzika pamoja lilikuwa sahihi.

Kosa liko katika namna. Mkataba uleule wa 2003 unasema kwamba watu wanaoishi na ziwa wanapaswa kushiriki katika maamuzi yanayowagusa, na kwamba faida zigawanywe kwa haki. Umeandikwa hivyo. Sasa mwulizeni mama anayenunua ndagala alfajiri, akaanika mchangani, akapandisha gunia kwenye gari kwenda Bukavu: alishiriki wapi? Aliambiwa. Kushirikishwa ni kuulizwa wakati jibu lako bado linaweza kubadilisha kitu. Yeye alipata tangazo ku redio.

Na chakula je? Hesabu inayotolewa kwa kawaida ni kwamba samaki wa ziwa hili anawapa watu wa kandokando kati ya asilimia 25 na 40 ya protini yao ya nyama. Mwenye mshahara akikosa mukeke, ananunua nyama ya ng'ombe au kuku. Familia ya mvuvi inakula sombe bila kitu, na mtoto aliyeachishwa ziwa la mama mwezi wa tano hawezi kungojea tarehe 15 Agosti. Likizo ya mwezi mkubwa ilikuwa juma moja, mtu aliivuka na akiba ya ndagala kavu. Miezi 3 mfululizo haina akiba inayoiweza. Anayefunga kazi ya mtu miezi 3 bila kumwambia atakula nini anamfundisha kuiba. Kisha tunashangaa kwamba wanavua usiku wakiwalipa wale waliotumwa kuwazuia!

Kuna jambo lingine ambalo mabwana wa mipango hawapendi tuliseme. Katika miezi hiyo 3, ni nani mwingine aliyefungwa? Milima ya juu ya Uvira iliyovuliwa miti haikufungwa. Udongo wake unaendelea kushuka na mvua za msimu unaofuata. Watafiti walionyesha tangu mwanzo wa miaka ya 1990 kwamba mahali matope yanapofunika mawe ya ufuko, aina za samaki zinapungua, kwa sababu samaki wengi wa hapa wanakaa, wanakula na kuzaa kwenye mawe hayo. Takataka za mji hazikufungwa. Mchanga wa mito na wa ufuko unaendelea kubebwa na malori kujengea nyumba zetu, pamoja na nyumba za wanaotunga sheria.

Tena joto. Mwaka 2003 watafiti, Catherine O'Reilly na wenzake, walionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto, hayachanganyiki vizuri na ya chini, na chakula cha samaki kinabaki kilindini kusiko na hewa. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walichimba matope ya chini, wakahesabu mabaki ya samaki wa zamani, wakakuta kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa kibiashara. Ni kusema hata kabla ya Wagiriki. Moshi uliopasha hewa hiyo haukutoka kwenye karabai za Kalundu. Hiyo haimpi mvuvi ruhusa ya kuvua ovyo. Ziwa lililodhoofika linahitaji mkono mwepesi zaidi. Lakini inamnyima mtu yeyote haki ya kumfanya mvuvi kuwa mshitakiwa wa peke yake.

Na kama bado mnaona natia chumvi, mkumbuke Julai 2022. Serikali yetu ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta ya petroli, na 11 kati yake vilikuwa katika bonde la Tanganyika. Mnada ulifutwa Oktoba 2024. Ulifutwa, Mungu ashukuriwe, lakini kwa miaka 2 mkono mmoja wa leta ulikuwa unaandika kwamba ndagala mmoja mchanga ni hazina ya taifa, na mkono wa pili unauza maji anamoogelea.

Ndugu zangu wa utamaduni, na sisi tuna sehemu yetu ya lawama. Tunapenda mwami akiwa amevaa ngozi siku ya sikukuu, tunapiga naye picha. Katiba, katika kifungu cha 207, inamtambua. Sheria ya 2015 juu ya machifu wa kimila inampa cheo. Lakini tangu sheria ya ardhi ya mwaka 1973 kila ardhi ni ya leta, na mwaloni mwenye neno la mwisho ni yule mwenye kitabu cha risiti. Wako wengi, kila mmoja na risiti yake, na wakati mwingine bila risiti. Mvuvi analipa huyu, analipa yule, na hakuna hata mmoja anayeweza kumwambia: ghuba ile tuiache mpaka mvua. Sisi tumekubali utamaduni uwe ngoma ya kuchezea wageni, tukaacha sehemu yake iliyokuwa na nguvu ya kukataza.

Wengine wanasema hayo ya zamani hayawezi kurudi kwa sababu watu wameongezeka na wageni ni wengi. Kweli, watu wameongezeka. Lakini mgeni anayefika mwaloni leo anajifunza upesi nani anamkopesha taa na nani anamnunulia samaki. Namna gani ashindwe kujifunza ghuba gani haiguswi? Wavuvi wenyewe wanajua mahali kuhe anapotaga, wanajua maji mafupi ya mdomo wa Ruzizi, wanajua mawe yapi yana watoto wa samaki. Tuanze na sehemu hizo: zifungwe mwaka mzima, zichaguliwe na wenye kuvua, zitangazwe na mwami na komite ya mwalo pamoja, na ofisi ya leta iandike tu kile kilichokubaliwa. Kilindini kipindi kigawanywe kulingana na ziwa lenyewe. Upepo wa kusini unaoanza mwezi wa tano unapandisha maji ya chini kule upande wa Mpulungu. Huku Uvira mambo si yaleyale, na tarehe moja kwa kilomita 670 ni tarehe ya ofisi.

Na mpango usiishie majini. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulishuka na mawe na matope juu ya Uvira, ukaua watu, ukabomoa nyumba kwa maelfu. Mwaka 2021, tena 2024, ziwa likapanda likaingia mitaani, Uvira na Kalemie, karibu kama lilivyopanda mwaka 1964. Mlima, mto, mji na ziwa ni jambo moja, lakini kila kimoja kina minisitere yake, na minisitere hizo hazisalimiani. Mpango wa kweli ungemlipa kijana wa chandarua apande miti kwenye miteremko ya Mulongwe katika miezi ya kufunga. Ungempa mama wa ndagala mkopo wa kuvuka miezi hiyo, alipe samaki wakirudi. Pesa za semina za hotelini zingetosha kuanza.

Ninalo ombi moja kwa Mamlaka ya Ziwa na kwa majimbo yetu mawili ya Kivu Kusini na Tanganyika. Kabla ya kufunga tena, njooni mwaloni. Msije na projekta, msije na Kifaransa. Njooni na Kiswahili na daftari. Na tafadhali mtazame kalenda kabla ya kupanga tarehe: njooni lile juma la mwezi mkubwa, ndipo mtawakuta wote nchi kavu.