Mkeka Huu Hatuutandiki Nyumbani Kwetu



Wiki iliyopita ujumbe uliingia katika kundi letu la mchezo, lile lile tunalokumbushana nani anapokea mwezi huu na nani bado hajatoa. Ujumbe haukuhusu mchezo wetu. Ulikuwa na kichwa kikubwa: mbinu za kushinda mikeka hatua ya makundi ya Kombe la Dunia. Tulidhani kijana ameshika simu ya mama yake. Kumbe aliyeutuma ni mama mtu mzima tunayemheshimu, na chini yake ameandika mwenyewe: "Mashoga, hii si kamari, hii ni akili."

Hatukumjibu pale pale, maana mtu mzima haaibishwi mbele ya watu. Tulizungumza naye pembeni, na ameufuta. Lakini maneno yale hayakufutika. Ndiyo yanayosemwa maskani, ndiyo wanayotujibu waume zetu tukiwauliza, na sasa yameingia mpaka jikoni. Leo tunayajibu. Na hatutajibu kwa neno haramu peke yake, ingawa ni haramu na tutafika huko. Tunaanza na hiyo akili yenyewe, tuione ni akili ya namna gani.

"Wakubwa hawafungwi na wadogo"

Mbinu ya kwanza ni ile ile kila mashindano: kwenye makundi timu kubwa hukutana na ndogo, basi kusanya wakubwa watano sita, wafunge katika mkeka mmoja, dau dogo malipo makubwa.

Turudini AFCON iliyochezwa Ivory Coast, Januari 2024. Tarehe 16 Tunisia ilifungwa na Namibia 1-0. Tarehe 22 wenyeji Ivory Coast, mbele ya watu wao Abidjan, walipigwa 4-0 na Guinea ya Ikweta. Usiku ule ule Ghana iliongoza 2-0 dhidi ya Msumbiji mpaka dakika 90 zikatimia. Katika dakika za nyongeza yakarudi yote mawili. Tarehe 23 Algeria ikafungwa na Mauritania 1-0. Tunisia, Ghana na Algeria zote zikarudi kwao kabla ya mtoano. Na Kombe la Dunia la 2022 je? Saudia iliifunga Argentina 2-1. Japani iliifunga Ujerumani 2-1, halafu Hispania 2-1. Na Argentina hiyo hiyo iliyofungwa na Saudia ndiyo iliyoondoka na kombe.

Hebu tuitazame Ivory Coast vizuri. Baada ya yale mabao manne, shirikisho lao liliachana na kocha wakati bado haijajulikana kama timu itapita. Ikapita kwa nafasi ya tatu, na pointi 3 tu. Tarehe 11 Februari ikaifunga Nigeria 2-1 na kuwa bingwa wa Afrika. Wenye timu, wanaowaona wachezaji mazoezini, hawakuliona hilo. Sasa aliyekaa maskani na bando la jero ameliona wapi?

Haya, tuseme anajua. Tuseme kila timu aliyoichagua ina nafasi 80 katika 100 ya kushinda, na hiyo ni nafasi kubwa sana. Mkeka wa timu tano za namna hiyo hushinda mara 33 hivi katika 100. Wa timu kumi, mara 11 hivi. Kila timu anayoiongeza inampandishia malipo machoni na kumpunguzia nafasi mkononi.

Bibi zetu wanaoshona mikeka ya ukili wanajua kwamba kipande kikioza unakifumua, unashona chengine, na mkeka unaendelea kukaliwa. Huu wa kamari, timu moja tu ikiteleza umechanika wote.

"Subiri mechi ya tatu"

Hii ni mbinu ya wanaojiona wajuzi. Subiri mechi ya mwisho ya kundi, tazama msimamo, jua nani sare inamtosha na nani lazima ashinde. Hapa ndipo hesabu zinapomlevya mtu akadhani anasoma. Kombe la Dunia la 2026 lina timu 48, makundi 12, mechi 72 za makundi peke yake, na timu 8 za nafasi ya tatu zinapita. Mtu anaweza kujaza daftari zima.

Lakini Ufaransa mwaka 2022 ilikuwa imeshafuzu, ikapumzisha nyota wake, ikafungwa na Tunisia 1-0. Brazil nayo ikafanya hivyo, ikafungwa na Cameroon 1-0. Na timu ambayo "lazima ishinde", kuhitaji si kupata. Ingekuwa kila anayehitaji anapata, sote tungekuwa matajiri.

Tena msimamo huo wenyewe unaweza kukuchezea. Mwaka 1982 Algeria ilimaliza mechi zake siku moja kabla ya Ujerumani Magharibi na Austria kukutana. Hawa wawili wakaingia uwanjani wakijua kabisa ni matokeo gani yanawapitisha wote. Ujerumani ikapata bao moja mapema, na baada ya hapo walipasiana tu mpaka filimbi ya mwisho. Algeria ikatolewa. Ndiyo sababu leo mechi za mwisho za kundi huchezwa kwa wakati mmoja. Kama wenye mpira walilazimika kubadilisha ratiba kwa kile walichokiona siku ile, wewe unaweka ada ya mtoto juu ya jambo usilolishika hata kidogo.

Na kampuni nayo inautazama msimamo ule ule. Imeajiri watu kwa kazi hiyo. Unalolijua wewe limeshaingizwa kwenye odi kabla hujafungua simu.

Hesabu ya dukani

Hizo odi tuzipige hesabu kama tunavyopiga ya khanga. Tuseme mechi ina odi 1.80 kwa timu ya kwanza, 3.40 kwa sare na 4.50 kwa timu ya pili. Unataka upate shilingi 100,000 kwa matokeo yoyote yatakayotoka. Itabidi uweke 55,560 kwa timu ya kwanza, 29,410 kwa sare na 22,220 kwa timu ya pili. Jumla 107,190. Umelipa 107,190 ili upewe 100,000. Hiyo 7,190 ni faida ya mwenye duka, ameshaikata kabla mpira haujaguswa. Ukiunganisha mechi katika mkeka mmoja, anaikata kwa kila mechi uliyoiongeza.

Wengine hujibu kwamba ukiliwa uongeze dau mara mbili, utarudisha tu. Haya: 1,000, halafu 2,000, 4,000, 8,000, 16,000, 32,000, 64,000. Ukiliwa mara saba mfululizo zimeondoka 127,000. Ya nane unatakiwa uweke 128,000, na ukishinda kwa odi ya 2.00, faida ya mahangaiko yote hayo ni shilingi 1,000. Kuna muuza maandazi atakayekubali biashara hiyo?

Sasa dini yetu

Suratul Maida, aya ya 90 na 91, imeitaja kamari pamoja na ulevi, ikaiita uchafu katika kazi za shetani, na ikaeleza inavyotia uadui baina ya watu na kuwazuia na dhikri na sala. Suratul Baqara aya ya 219 imekiri kwamba yamo manufaa kwa watu, lakini dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa. Kwa hivyo mtu asituambie kwamba fulani alishinda akajenga. Aya imeshamjibu. Na hakuna mahali palipobaguliwa kamari ya mjinga na kamari ya mjuzi.

Wapo wanaosema hutoa sadaka katika hizo walizoshinda. Wafasiri wanaeleza kwamba Waarabu wa zama za ujahiliya walichezea ngamia kwa mishale, na mara nyingi washindi waliwagawia nyama maskini. Pamoja na wema huo, ikaharamishwa.

Na wapo wanaosema ni biashara, biashara nayo ina hasara. Ni kweli, muuza samaki hupata hasara. Lakini aliyempa pesa ameondoka na samaki. Kwenye mkeka, anachokipata mmoja ndicho alichokipoteza mwengine, na katikati amekaa anayekata kwa wote wawili.

Na sisi tujitazame

Mmoja wetu alikuwa na kibubu cha shilingi 180,000, za maandazi ya miezi mitano, kwa ajili ya sare za skuli za watoto wawili. Mumewe alizichukua, akasema Jumanne zitarudi. Jumatatu yake ilikuwa ile tarehe 22 Januari 2024, na ndani ya mkeka wake walikuwemo Ivory Coast na Ghana. Watoto walikwenda skuli na sare za mwaka uliopita, mikono imepanda juu ya vifundo. Mume hakuwa mlevi wala mhuni. Alikuwa na daftari lenye misimamo ya makundi yote sita, limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Hilo daftari ndilo lililomponza, kwa sababu lilimfanya ajione anafanya kazi.

Lakini mwenzetu huyu alitueleza na jengine, na tumeruhusiwa kulisema. Miezi miwili kabla, mume alishinda. Akaleta kuku, akaleta dera jipya, na yeye akapiga vigelegele. Hakuuliza pesa zimetoka wapi, na alikuwa anajua. Wangapi katika sisi tumefanya hivyo? Tunalia mkeka ukichanika, na ukishinda tunapakua. Mchuma janga hula na wa kwao, na sisi tumekula kwa mikono miwili.

Kwa hivyo tunaombana haya.

Ujumbe wa mbinu ukikufikia, uishie kwako. Ukiupeleka mbele na mtu akapoteza chakula cha watoto, una sehemu yako.

Pesa za mkeka zikiingia nyumbani, tusizipokee kwa furaha. Na kama zimeshaingia, tuwaulize masheikh wetu namna ya kuzitoa. Walilolieleza wengi wao ni kupewa wenye shida kwa nia ya kujitakasa, bila ya kuhesabu thawabu za sadaka.

Pesa za mchezo na za kibubu zisikae mahali ambapo nambari ya siri inajulikana na kila mtu. Mali ya mke ni yake kisheria ya dini yetu, na matumizi ya nyumba ni wajibu wa mume. Kukataa kumkopesha dau si kumvunjia heshima.

Na wanaume zetu na vijana wetu tusiwafukuze kwa matusi. Aliyezama hupewa mkono, na mlango wa toba uko wazi. Mpira wenyewe hatugombani nao. CAF ilizipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa AFCON ya 2027, na sisi wenyewe tutashangilia mpaka sauti zikauke. Tutoe televisheni barazani, tuchemshe karanga, tupike urojo, vijana watazame kwetu badala ya maskani. Mtu anaweza kuipenda timu yake bila ya kuiwekea dau.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusiihitaji haramu, zibariki riziki zetu hata zikiwa ndogo, na wahifadhi watoto wetu na kila njia inayojipamba kwa jina la akili. Amin.