Kadi ya Afya Inayoishia Busia

Rais William Ruto alipokabidhiwa uenyekiti wa Jumuiya ya Afrika Mashariki jijini Arusha, Novemba 30, 2024, bima mpya ya afya ya Kenya ilikuwa na umri wa miezi miwili. Ile ya zamani, NHIF, ilikuwa imevunjwa, hii mpya, SHA, ilikuwa imeanza kazi Oktoba 1, na katika hospitali nyingi wagonjwa walikuwa bado wanasumbuka na usajili. Beatrice Askul Moe, waziri wa Kenya anayehusika na Jumuiya hiyo, naye alichukua uongozi wa Baraza la Mawaziri, chombo kinachosimamia sera za Jumuiya. Kenya ikawa imekwenda kuongoza nchi nane huku nyumba yake ya afya ikiwa bado inaezuliwa na kuezekwa.

Wapo wanaosema hilo si neno. Mwenyekiti wa Jumuiya hamwamuru mtu, maamuzi hupitishwa kwa maafikiano, na kiti ni cha kupokezana. Hoja hiyo ina ukweli, ila inasahau yaliyotokea Malaba na Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, mwaka 2020.

Corona ilipoingia, Uganda ilidai kuwapima madereva wa malori, Kenya nayo ikaweka masharti yake, na cheti cha upande mmoja hakikuaminiwa upande wa pili. Foleni za malori zikarefuka, madereva wakalala barabarani usiku baada ya usiku. Rwanda ndiyo iliyokuwa mwenyekiti. Paul Kagame aliitisha kikao cha marais kwa njia ya video Mei 12. Tanzania na Burundi hazikushiriki. Mfumo wa pamoja wa kielektroniki wa kufuatilia madereva na vyeti vyao ulikuja baada ya adha hiyo yote. Kiti kilikuwa na uwezo wa kuita watu mezani. Kilichokosekana ni kanuni zilizokubaliwa mapema, wakati kila mtu ana utulivu. Miaka minne baadaye, Julai 2024, mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini Kenya aligunduliwa mpakani Taita Taveta, naye alikuwa msafiri aliyetoka Uganda akielekea Rwanda kupitia Kenya. Nchi tatu katika safari ya mtu mmoja.

Ndiyo maana maandalizi ya sera ya afya kwa ajili ya kiti cha Arusha hayawezi kuwa hotuba tu. Yanafaa kuanzia mahali kama Nyalenda.

Mtaa huu wa Kisumu unashuka kutoka mjini kuelekea Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Mto Auji unaupitia, na mvua ikizidi maji huingia vyumbani, yakibeba uchafu wa vyoo vya shimo. Wakazi wake wengi huishi kwa kipato cha siku: kibarua, bodaboda, genge la mboga, samaki wa kununuliwa ufuoni Dunga asubuhi na kuuzwa kabla jua halijatua. NHIF iliwatoza watu wa namna hii shilingi 500 kwa mwezi. SHA hutoza asilimia 2.75 ya kipato, kima cha chini shilingi 300 kwa mwezi, jambo linaloonekana kuwa nafuu mpaka mtu aambiwe alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo. Shilingi 3,600 kwa wakati mmoja ni mtaji wa samaki. Serikali ililitambua tatizo hilo na kuleta mpango wa Lipa SHA Pole Pole, ambao ni mkopo. Kumkopesha mchuuzi ili aweze kuugua kwa usalama ni suluhisho dhaifu, na lingejulikana kuwa dhaifu mapema kama wachuuzi wangeulizwa.

Kisumu ilikwisha kutoa funzo. Desemba 13, 2018, Rais Uhuru Kenyatta alizindulia hapa Afya Care, mradi wa majaribio wa afya kwa wote, pamoja na kaunti za Nyeri, Machakos na Isiolo. Ada ziliondolewa, watu wakafurika hospitalini, dawa zikapungua. Majaribio yalipokwisha, ada zikarudi. Aliyeingia na kadi mkononi na kutoka na karatasi ya kwenda kununua dawa dukani hakuhitaji mtaalamu wa kumweleza kasoro iko wapi.

Hapo tunalifikia ziwa lenyewe. Samaki wanaouzwa Dunga wanatoka katika ziwa la nchi tatu, na wavuvi nao huhama kumfuata samaki. Uganda iliondoa ada katika vituo vya umma mwaka 2001 lakini haina bima ya taifa. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Sheria ya Kenya ya mwaka huohuo inamtaka mgeni atakayekaa chini ya miezi 12 awe na bima ya safari. Mtunga sheria alimfikiria mtalii. Mvuvi wa msimu kutoka ng'ambo ya ziwa hakumjia akilini. Mvuvi wa Kenya naye akivuka Busia, kadi yake ya SHA haimsaidii kitu.

Kwa mtu anayemeza dawa za kupunguza makali ya HIV pengo hili ni la hatari, na Kisumu ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi makubwa zaidi nchini. Januari 20, 2025, Marekani ilisitisha misaada yake ya kigeni, ikiwamo ile ya HIV, na wasiwasi ukatanda kliniki hadi kliniki kuzunguka ziwa zima. Kenya ilikuwa imekalia kiti kwa wiki saba tu. Ununuzi wa dawa wa pamoja ungekuwa ajenda ya haraka, maana Jumuiya ilianza kuoanisha usajili wa dawa tangu Machi 2012. Lakini ajenda kama hiyo haitungwi kwa wiki saba.

Kuna kikwazo kingine, cha nyumbani. Tangu Katiba ya 2010, zahanati na hospitali nyingi ziko chini ya kaunti, ilhali anayeketi Arusha ni Nairobi. Waziri anaahidi huduma ambazo gavana ndiye anayezitoa. Hata wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 waliozinduliwa Septemba 2023, wale wanaobisha hodi nyumba kwa nyumba Nyalenda, posho yao ya shilingi 5,000 hulipwa nusu kwa nusu na serikali hizo mbili, na upande mmoja ukichelewa wanaumia wao.

Kwa hiyo kabla zamu nyingine ya Kenya haijafika, kaunti tano za ziwa, yaani Busia, Siaya, Kisumu, Homa Bay na Migori, zinapaswa kuketi na wizara na majirani wa Uganda na Tanzania kukubaliana mambo matatu: rekodi ya mgonjwa anayevuka isomwe wapi, dawa zake za muda mrefu azichukue wapi, na kituo kilichomtibu kilipwe na nani. Ukumbi hauna haja ya kutafutwa mbali. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, taasisi ya Jumuiya hiyohiyo, ina makao yake Kisumu.