TUJUE NCHI YETU: Mnara wa Bagamoyo

Ndugu msomaji, umekwisha jifunza kusoma kitabu. Mwezi huu tujifunze kusoma ukuta. Ukuta wa zamani nao una habari zake.

Twende Bagamoyo, katika Mkoa wa Pwani. Mapadri wa Kanisa Katoliki walifungua misheni hapo mwaka 1868. Siku zile misafara mingi kutoka bara iliishia Bagamoyo. Watu waliotekwa walipitishwa hapo kwenda kuuzwa. Mapadri waliwakomboa baadhi yao kwa fedha, hasa watoto. Waliokombolewa walikaa katika kijiji cha misheni. Walilima na kujifunza ufundi.

Mwaka 1872 kanisa la kwanza lilijengwa. Mnara wake ungali umesimama hadi leo. Watu huuita Mnara wa Livingstone. Kwa nini?

Daktari Livingstone, msafiri kutoka Uingereza, alikufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watu waliofuatana naye, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wake kwa chumvi na jua. Wakaubeba kwa miguu miezi mingi mpaka pwani. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Mwili uliwekwa kanisani hapo, kisha ukapelekwa Unguja kwa meli, na baadaye Uingereza.

Basi, mnara una jina la mtu mmoja. Lakini habari zake ni za watu wengi. Ni za wale waliobeba mwili, na za wale waliotoka utumwani wakaanza maisha mapya hapo.

Je, nyumba za mawe za pwani zilijengwaje? Mafundi wa zamani hawakutumia saruji. Walitumia mawe ya matumbawe. Mengine waliyapanga juu ya magogo, wakayachoma mpaka yakawa chokaa. Chokaa na mchanga ndivyo vilivyoshikanisha mawe.

Hapa pana jambo la kuangalia. Ukuta wa chokaa hupumua. Maji yakiingia, hutoka tena. Ukiupaka saruji, maji hunaswa ndani. Mawe huanza kumomonyoka, na plasta hubanduka. Mtu amedhani anatengeneza, kumbe anabomoa! Ukuta wa chokaa utengenezwe kwa chokaa.

Labda kijijini kwako pia kuna kanisa, msikiti au boma la zamani. Usichukue mawe yake kujengea. Ng'oa miti midogo inayoota ukutani ingali michanga, kwa maana mizizi ikinenepa hupasua ukuta. Kisha waulize wazee: Nani alibeba mawe haya? Alitoka wapi? Yaandike majibu yao katika daftari, pamoja na majina. Ukuta ukianguka unaweza kujengwa tena. Mzee akiondoka na habari zake, nani atatusimulia?

Kwaheri mpaka mwezi ujao.