Shamba Alilolitoa Babu

Wazazi wa Handeni na Korogwe wametutaka mara kwa mara tuseme neno juu ya Kiingereza cha vijana wanaoingia sekondari. Leo twachukua fundo moja tu, kwani mafundo ya lugha hiyo hayafunguliwi yote kwa siku moja. Kijana wa kwetu hutoka nyumbani na Kizigua au Kisambaa, hupata Kiswahili shuleni na Kiarabu chuoni, kisha akifika kidato cha kwanza hukuta masomo mengi yamegeuka Kiingereza.

Natulitazame neno "alilolitoa", tunaposema "shamba alilolitoa babu". Mna "li" mbili ndani yake. Ya kwanza yaonyesha wakati uliopita. "Lo" yarejea kwa shamba. Na "li" ya pili ni shamba lenyewe linalotendewa. Yote hayo yamekaa katika neno moja. Mwingereza yeye huyatandaza: "the farm which he gave away". Tena kitenzi chake kina maneno mawili, "gave" na "away".

Hapo kijana huandika "which he gave it away", na mwalimu humpigia mstari mwekundu. Sisi hatuuiti huo uvivu. Ameifuata "li" ya pili aliyonyonya nayo, na nahau ya Kiarabu nayo imemtia nguvu, kwani baada ya "alladhi" huja dhamiri irejeayo, ambayo wanavyuoni huiita 'aid, ingawa pengine hufutwa. Kiingereza ndicho kinachoikataa. "Which" imekwisha kukaa mahali pa shamba, basi "it" haina kiti.

Ama wakati uliopita, huonekana katika neno la kwanza peke yake: "give" huwa "gave", na "away" haibadiliki kamwe. Wala tusidanganywe na "the lamp which she put out", yaani taa aliyoizima. "Put" haina alama ya wakati, lakini ingekuwa ni desturi yake ya kila siku tungeona "puts". Katika kukana, "did" hubeba wakati na kitenzi hurudi asili yake: "which he did not give away". Kiswahili nacho kina shida yake hapa, maana "asilolitoa" haitaji wakati, ndipo tukasema "ambalo hakulitoa".

Lakini jambo zito zaidi ni lile neno dogo la nyuma. Waingereza walitawala nchi hii hata 1961, na karatasi nyingi za ofisi zao ziliandikwa kwa lugha yao. Tuseme katika sanduku la marehemu imeonekana barua ya shamba, na mjukuu wa kidato cha pili ameitwa aisome mbele ya warithi. Ikiwa imeandikwa "which he gave away", babu alilitoa bure, na wazee watauliza kama ilikuwa hiba na kama aliyepewa alilipokea. Ikiwa ni "which he gave back", alilirudisha, basi lilikuwa la mwingine. Ikiwa ni "which he gave up", aliliachilia, na bado haijulikani lilikwenda kwa nani. Kitenzi ni kilekile, mirathi ni mbalimbali! Naye mjukuu akifungua kamusi akatafuta "give" akapata kutoa, kisha "up" akapata juu, atawasomea wazee wake "shamba alilolitoa juu", na baraza zima litatazamana.

Basi na afundishwe kutafuta maneno yote mawili pamoja. Kamusi nzuri huyaweka chini ya "give". Tena ipo njia ya kupima. "The hill up which he climbed" ni maneno sahihi, kwa kuwa "up" hapo ni juu ya kilima kweli, nayo yaweza kutangulia mbele ya "which". Lakini "the farm up which he gave" hakuna Mwingereza asemaye, kwa sababu "up" hiyo ni kipande cha kitenzi, haitengwi na "gave" ikapelekwa mbele.

Wazazi wenye watoto wa kidato cha kwanza wawape usiku huu watafsiri haya matatu: taa aliyoizima, deni alilolimaliza kulipa, kazi aliyoiacha. La pili wakiandika "paid off" bila "it", wamefahamu. Mwezi ujao, tukijaaliwa, tutatazama "whose".